Moto Uliojificha

Mjukuu wangu Neema,

Babu yako nina miaka themanini na moja, nimeshinda njaa, nzige na simba wa Haneti. Hatujambo, ila bibi yako anakohoa kwa moshi wa kuni.

Unauliza kwa nini nakataa jiko la gesi tulilopewa na halmashauri. Naogopa. Ujanani nilichoma mkaa, hodari kuliko wote. Siku moja mwenzangu Ndahani alipanda juu ya tanuri, lile tuta la magogo yaliyofukiwa, kuziba ufa kwa udongo. Moto ulishakula magogo ya ndani kimyakimya, akatumbukia. Nilimvuta mimi, kwa mikono hii. Gesi nayo imejificha mtungini.

Jana bibi yako kasema, "Basi kaa nje, shujaa!" Akawasha. Nikasimama mlangoni na ndoo ya mchanga mpaka ugali ukaiva. Hakukohoa.

Bado naogopa. Shahidi ni jirani, Mama Chiku: alikuja leo kuomba kaa la moto, akanikuta nimeng'ang'ania ndoo.