Mkwe Anataka Nimsaidie Kunifukuza Kwenye Ramani

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, na ukitaka kucheka cheka tu, maana mume wangu ameshacheka mpaka akashika ukuta, lakini ukimaliza nijibu kama mtu mzima mwenzangu.

Mimi ni fundi vioo. Karakana ni yangu, nilianza na kisu kimoja cha kukatia na meza ya kuazima, hakuna aliyenishika mkono, na leo nusu ya madirisha ya mtaa huu yamepita mikononi mwangu. Sisemi haya kujisifu, nasema ili uelewe kwamba kwenye kazi yangu hakuna "karibu sawa". Kioo kikizidi milimita mbili hakiingii kwenye fremu, kikipungua kinacheza, na mtu wa kazi ya namna hiyo ukimwonyesha mstari uliokaa vibaya hapati usingizi.

Mstari wenyewe uko baharini. Kuna ramani ya mtandaoni, labda unaijua, ile isiyo na mwenyewe, kila mtu anaingia na kuchora anachokijua, na mimi niliingia kwa sababu wateja walikuwa wanapotea, nikaiweka karakana yangu, nikauweka uchochoro wa pembeni, nikaona duka la mkaa limewekwa upande usio wake nikalihamisha, na ukishahamisha duka la mkaa, Mshauri, umekwisha, ni kama njugu, hakuna anayekula moja. Nilimaliza mtaa wetu, nikamaliza na wa jirani, nikateremka na mto mpaka kwenye ghuba, na hapo ndipo nikakuta mpaka wa baharini kati yetu na nchi jirani umepitishwa pasipo pake.

Sasa fuata hesabu, si ngumu. Mpaka unatakiwa upite katikati ya ghuba. Tatizo ni katikati ya nini na nini. Sisi tuna mwamba unaotokeza maji yakipwa, maili tatu kutoka ufukweni kwetu, na tunasema kipimo kianzie hapo. Wao wanasema kianzie ufukweni. Ukiukubali mwamba, katikati inasogea maili moja na nusu kuelekea kwao, ukiukataa tunapoteza kipande cha bahari chenye umbo la kipande cha tikiti. Serikali mbili zimegombania tikiti hilo tangu sijaolewa. Mimi nikausogeza mstari ukae kwenye haki yake, nikalala. Asubuhi nikakuta umerudishwa, na aliyeurudisha, mtu anayejiita Nanga, ameniachia ujumbe: "Mwamba unaooga kila siku si nchi kavu, dada."

Dada! Nikausogeza tena, nikamjibu kwamba na yeye natumaini anaoga kila siku, na bado tunamhesabu kuwa mtu.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Mimi kule najiita Bi Rula. Miezi saba sasa nimesogeza, amerudisha, nimesogeza, amerudisha, nami nilikuwa naamka na uchangamfu kama mtu aliyeposwa, sijaosha uso nimeshafungua simu kuona kaandika nini.

Basi mwanangu wa kwanza akapata mchumba, binti wa upande wa pili wa ghuba, mcheshi, ana adabu, nilimpenda kabla hajakaa. Amelelewa na baba yake peke yake, na baba yake ni daktari wa meno. Wakaja kujitambulisha. Daktari akakaa kwenye kochi langu, mtu mpole, mikono misafi, akasema:

"Mkwe, tumefika bila kuuliza mtu. Huu mtaa wenu umechorwa kwenye ramani, hata duka la mkaa lipo! Aliyechora hapa ana mkono."

Kifua kikanijaa. Nikafungua mdomo niseme ni mimi, na yeye akaendelea:

"Si kama yule kichaa wa baharini. Mimi kule natumia jina la Nanga, basi kuna mtu ananitesa, anajiita Bi Rula."

Nikafunga mdomo. Mume wangu akapaliwa na juisi.

"Bi nani?" akauliza, na anajua fika.

"Bi Rula. Na wala si mwanamke, mkwe mwenzangu, nakuapia. Ni mzee mmoja mwenye kitambi, amestaafu, nyumbani wamemchoka."

"Kitambi hasa," mume wangu akasema. "Na kuchokwa pia inawezekana."

Daktari akanigeukia mimi. "Kijana wako ameniambia mama yake ana akili ya vipimo. Mkwe, nisaidie kumjibu huyu mtu."

Nikasema sawa. Mshauri, nilisema sawa ili mazungumzo yarudi kwenye harusi! Lakini kesho yake akapiga simu, nami nikamwambia hoja ya Bi Rula inavujia wapi, maana nani anajua kuliko mimi, akaenda akaiandika vilevile, watu wakamsifu. Nikaudhika, nikamjibu kama Bi Rula kwa hoja nzito zaidi. Safari hii nikampigia mimi, nikamwonyesha na hiyo inavyobomoka. Miezi miwili sasa nagombana na nafsi yangu kupitia mdomo wa daktari wa meno, na mbaya zaidi ananishinda, yaani ninajishinda, na sijawahi kufurahi namna hii tangu nizaliwe. Nacheka peke yangu karakanani mpaka wateja wananiuliza nimepata nini.

Furaha imeingia mchanga wiki iliyopita. Daktari amechoka. Anataka wasimamizi wa ramani wamfungie Bi Rula asichore tena, akaniomba nimwandikie mashtaka. Nikayaandika. Nilieleza ubishi wangu, kiburi changu, na kutokuwa kwangu na hoja, kwa ufasaha ambao nilipoyasoma nilijichukia. Wachoraji kumi na wanne wameyaunga mkono. Wasimamizi wanaamua Jumamosi. Na Jumapili sisi tunavuka kwenda kwa daktari kupanga tarehe ya harusi.

Mwanangu amejua. Baba yake hakuweza kujizuia kucheka mezani, akabanwa, akasema. Kijana hakucheka. Akaniambia, "Mama, nikimficha mwenzangu jambo la baba yake, naanza ndoa na uongo ambao hata si wangu. Sema wewe, au nitasema mimi."

Sasa nawaza: nimwache Bi Rula afukuzwe Jumamosi, nimzike kimya kimya, Jumapili nikale kwa mkwe kwa amani. Lakini yule ndiye aliyechora mtaa mzima, na kwenye mwamba bado naona niko sahihi. Nikisema ukweli, daktari atajua kwamba mwanamke aliyemfungulia moyo alikuwa anamchezea, na huyu ndiye mzazi pekee wa binti, akikunja jamvi hakuna harusi, na mwanangu hatanisamehe. Nifanyeje?

Mimi,
Bi Rula, ambaye hadi sasa hajafukuzwa.

MSHAURI ANAJIBU

Bi Rula,

Nimecheka kama ulivyoniruhusu. Nimemaliza. Sasa kaa.

Nakupa haki yako kwanza. Siku ile kwenye kochi ulinyamaza kwa mshtuko, na mtu yeyote angenyamaza. Lakini uliniandikia mwenyewe, kwa mkono wako, kwamba safari ya pili wewe ndiye uliyepiga simu. Huo haukuwa mshtuko tena. Ulikuwa mchezo, na mchezo unanoga pale wote wawili wanapojua kwamba wanacheza. Daktari hajui. Yeye anadhani amepata rafiki upande wa pili wa maji. Kila anapokuambia "ahsante, mkwe", wewe unahesabu bao.

Kumzika Bi Rula, hapana. Marehemu wa aina hiyo hazikiki. Ramani yenu inaweka kumbukumbu ya kila aliyegusa kila kichochoro, na daktari ameshausifu mtaa wako. Siku moja atataka kujua ni nani mwenye mkono ule, ataangalia, na wakati huo mtakuwa mnashiriki mjukuu. Tena yale mashtaka ni ya uongo. Umeandika kwamba Bi Rula hana hoja, na hoja anazo mpaka zinamwagika. Watu kumi na wanne wameweka majina yao chini ya uongo wako. Hao nao wanakudai samahani.

Kuhusu tikiti lenu la baharini, nimemuuliza mtu anayechora ramani hiyo hiyo. Ameniambia kanuni yao ni nyepesi: pale nchi mbili zinapodai maji yaleyale, unachora mistari yote miwili, ya vipande vipande, kila mmoja unaandikwa jina la anayeudai, halafu unaondoka. Kumbe! Kanuni ilikuwepo miezi yote saba, na ninyi wawili, wasomi wa vipimo, mkairuka. Najua kwa nini. Ingeumaliza ugomvi, na hakuna kati yenu aliyetaka uishe. Wewe unajua kioo hakikatwi kabla fremu haijakamilika. Fremu ya bahari hiyo haipo. Serikali zenye wanasheria na manowari zimeshindwa kuitengeneza, wewe na mng'oa meno mnaimaliza kwa simu?

Basi fanya hivi. Mpigie daktari. Usimwandikie ujumbe, kwa maandishi umeshamdanganya vya kutosha. Mwanao akae karibu asikie, asikusaidie neno. Mumeo atoke chumbani, na ikiwezekana atoke nyumbani. Sentensi ya kwanza iwe, "Bi Rula ni mimi." Usitangulize "mkwe, nina kitu cha kukuchekesha". Yeye ndiye atakayeamua kama kinachekesha. Akikasirika, mwache amalize, na usimtajie maili moja na nusu hata kidogo. Akinyamaza, na wewe nyamaza. Mwambie utawaandikia wasimamizi leo hii kwamba mashtaka uliyatunga wewe dhidi yako mwenyewe, na kama baada ya hapo watakufungia kwa upuuzi, ukubali adhabu yako. Mwambie pia lile ambalo hujalisema hata kwangu waziwazi, kwamba miezi saba yeye amekuwa ndiye wa kwanza unayemkumbuka ukiamka. Asikuelewe vibaya, mwambie mbele ya mwanao.

Jumapili vukeni, isipokuwa akisema msije. Mkifika, harusi izungumzwe kwanza, ramani baadaye. Mistari miwili mkaichore pamoja, mezani kwake, wewe wa kwako na yeye wa kwake, na hapo katikati pasiguswe na mtu.

Nilikuwa nimepanga nikujibu faragha kwanza, na barua yako itoke gazetini wiki ijayo, ili nikupe nafasi. Nimebadili mawazo. Gazeti hili linavuka kwenda upande wa pili na basi la alfajiri, na kule linauzwa kuliko huku. Daktari wa meno ana chumba cha kungojea. Watu wanaoumwa jino husoma chochote walichowekewa, na wakikuta barua kama yako huisoma kwa sauti, hata shavu likiwa limevimba. Kwa hiyo sahau Jumamosi. Muda ulio nao ni mpaka mgonjwa wa kwanza afike ukurasa huu.

Weka gazeti chini. Piga simu.