Hondohondo wa Mkuyu wa Uani

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA SABA CHA KAMATI YA WAPANGAJI

Tarehe: Jumamosi, tarehe 12, saa 4:00 asubuhi
Mahali: Uani, kwenye mabenchi ya kufulia

Waliohudhuria: Mwenyekiti (Fundi Saa, ghorofa ya tatu), Mweka Hazina (mkewe), Mwalimu Mstaafu (chini), Mshonaji (ghorofa ya pili), Katibu
Mwalikwa: Fundi Bomba (mume wa Katibu, wiki ya tatu sasa)
Hakuwepo kwa taarifa: Dereva wa Lori, yuko safarini

KUMB. NA. 1/7: KUFUNGUA
Mwenyekiti aliwasalimu wajumbe akianzia kushoto. Mkewe alikuwa ameketi kulia, akasalimiwa wa mwisho. Asubuhi ilikuwa tulivu, na mwanga ulipita kwenye majani ya mkuyu hadi karatasi hii ikawa ya kijani.

KUMB. NA. 2/7: YATOKANAYO
Kikao kilichopita kilimshukuru Fundi Bomba kwa kuziba tundu la mkuyu kwa udongo ili nyuki wasiingie. Fundi alieleza kwamba hakuziba tundu lolote, ila alipokea shukrani kwa kuwa alikuwa mchumba tu na aliona aibu kukataa. Mwalimu Mstaafu alieleza kwamba walioziba ni ndege, hondohondo: dume alileta udongo, jike akajifungia ndani na mayai, akaacha ufa wa kupitisha mdomo. Kumbukumbu zilisahihishwa.

KUMB. NA. 3/7: BOMBA NA MKUYU
Mwenyekiti alieleza kwamba mizizi imelipasua bomba na ghorofa za juu hazina maji siku ya tisa leo. Msumeno umeshaletwa.

Mweka Hazina alisema magoti yake yamechoka na ngazi, mti ukatwe leo. Mwalimu alisema jike amepukutisha manyoya ya mabawa, hawezi kuruka. Mti ukianguka, anaanguka nao.

"Mwalimu, wewe unakaa chini," alisema Mweka Hazina. "Ngazi unazisoma vitabuni."

Mshonaji aliuliza ndege huyo ni mpangaji wa chumba gani.

Fundi alishauri mfereji wa muda wa kuchotea maji uwekwe getini, na bomba lisubiri wiki tisa hadi kinda atoke. Maji ya juu yatabebwa kwa ndoo. Aliyasema haya kwa upole, na Katibu alichelewa kidogo kuyaandika.

KUMB. NA. 4/7: UGENI
Saa 4:50 dume alitua. Wajumbe wote waligeuka bila kuagizwa. Mdomo wake ni mkubwa kama kiatu, lakini aliutumia taratibu kama anayetia uzi kwenye sindano. Alitoa kooni tunda moja, akalipitisha kwenye ufa, akangoja. Kisha la pili. Yalihesabiwa matunda kumi na manne. Kutoka ndani ilionekana ncha ya mdomo tu, ikipokea. Katibu hajawahi kuona mapenzi yakifanya kazi waziwazi namna ile, mchana kweupe, mbele ya kamati.

Mweka Hazina alisema, bila kumtazama mtu, "Na hakuna aliyemtuma."

Mwenyekiti aliomba neno hilo lisiandikwe. Mweka Hazina aliomba liandikwe. Limeandikwa.

KUMB. NA. 5/7: KURA
Waliotaka mti ukatwe leo: wawili (Mweka Hazina, Mshonaji). Waliotaka usubiri: wawili (Mwalimu, Katibu). Kura ya uamuzi ilibaki kwa Mwenyekiti, aliyeutazama ule ufa kwa muda mrefu, kisha akasema mti usubiri.

Mweka Hazina aliuliza ndoo za ghorofa ya tatu atazibeba nani wiki zote tisa. Mshonaji alisema hilo ni swali la nyumbani. Mwenyekiti alisema hapana, ni swali la kikao, na akamwelekea Katibu: "Mwanangu, andika. Nitabeba mimi."

Mweka Hazina aliuliza kama imeandikwa. Katibu alimwonyesha karatasi. Mweka Hazina aliisoma mara mbili, akahamia benchi la kushoto, ambako salamu zilianzia.

KUMB. NA. 6/7: KUFUNGA
Wajumbe waliinuka saa 5:25. Mwenyekiti alitia saini akiwa amesimama, kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa na ndoo.

.............................. Mwenyekiti
.............................. Katibu