Sindano Upande wa Pili wa Mbao

Kitale, Jumatano jioni

Kwako dada yangu Nafula,

Pokea salamu kabla hujaanza kunitukana kwamba nimenyamaza. Goti lako linaendeleaje? Na yule jogoo wako mwenye kiburi bado yuko, au alishaingia sufuriani bila mimi kuitwa? Mimi niko. Mgongo unauma, meno yamebaki ya kuonyesha wageni tu, lakini niko.

Sasa kaa vizuri nikupe habari. Kaka yako amekuwa daktari. Ndiyo, mimi Barasa niliyeacha shule kwa sababu ya hesabu za kugawanya. Nadunga watu sindano, tena ya tumboni, na mgonjwa halii wala hasogei. Huku plotini nikipita wanasema, "Shikamoo daktari."

Haya, ni uongo. Sijamdunga mtu. Hata kuiona hiyo sindano sijaiona vizuri. Lakini nimekaa karibu nayo kuliko mzee yeyote wa ukoo wetu, na hiyo ndiyo habari yenyewe. Nimeandika barua kwa sababu simu yako unaiweka spika na soko lote la Bumula linasikia. Isome mwenyewe. Usimpe mwalimu akusomee.

Ni mambo ya Nekesa, mke wa Wanjala wetu. Unajua vile wamekaa miaka yote hiyo bila mtoto. Wakaenda hospitali moja hapa, wote wawili wakapimwa, wakaambiwa kuna dawa ya kuamsha mayai ya mama. Dawa yenyewe ni ya kujidunga, kila jioni, chini ya kitovu. Nesi alimfundisha mara moja tu, wakidunga kipande cha sponji, akamwambia, "Nyumbani bwana yako atakusaidia." Bwana yuko wapi? Wanjala yuko na lori njia ya Juba. Aliyebaki ni mimi, kiatika wa plot, mtunza hizi nyumba za kupanga, chumba changu na chake vinatenganishwa na ukuta wa mbao.

Na sheria yetu unaijua kuliko mimi, maana ndiwe uliyemfundisha alipoolewa. Mkwe simpi mkono. Kiti chake sikalii. Mlango wa kijana wangu siingii. Sasa tumbo la mkwe nitaliona na macho gani?

Jioni ya kwanza nikasikia vichupa vikigongana upande wake. Halafu akagonga mbao.

"Baba, uko?"

"Nitaenda wapi na magoti haya?"

"Mkono unakataa. Hii karatasi nimeijua yote, lakini nikishika sindano inapotea kichwani. Nisomee tu. Polepole."

Akaipitisha chini ya mbao. Nesi aliiandika kwa Kiswahili, Mungu ambariki. Nikavaa miwani, nikageuza kiti, mgongo wangu kwa mbao, nikasoma kama padri. Nawa mikono. Changanya dawa, usitikise. Finya ngozi. Ingiza sindano. Sukuma polepole. Hesabu mpaka kumi ndiyo utoe.

Kuhesabu nikahesabu mimi. Nikasikia anavyopumua kwa shida, nikaruka saba makusudi.

"Baba! Saba imeenda wapi?"

"Imeenda choo."

Akacheka, Nafula. Sindano iko tumboni na mtu anacheka. Najua si maneno ya kumwambia mkwe. Nishtaki kwa wazee.

Tukaendelea hivyo kila jioni. Dawa inataka baridi, na friji tuliyo nayo karibu ni ya Mama Chebet, yule wa Kapsokwony anayeuza maziwa hapa getini. Akauliza hizo chupa ni za nani. Ningesema ni za Nekesa, kufikia kesho Kitale nzima ingejua. Nikasema ni zangu, nina sukari. Weh! Tangu siku hiyo mama huyo ananipa chai chungu, ananinyima mandazi, ananichemshia majani ya mlimani ambayo hata mbuzi anayaruka. Nakunywa mbele yake, anasimama hapo mpaka nimalize. "Mzee, maliza yote!" Namaliza.

Yule mtamba wangu unayeuliza kila mara ameenda wapi, hakuenda popote. Nilimuuza, ndiye hizo dawa. Ameingia ndani ya mkwe wangu kidogo kidogo, na hakuna hata ndama.

Maana hapa ndipo ninapotaka kufika, na kalamu haitaki. Jumatatu alienda kupigwa picha, waone mayai yamekua kiasi gani. Nilikuwa nafagia getini nikamwona anarudi kwa miguu, na pikipiki zimejaa barabarani. Nikajua. Akasimama mbali, vile mkwe anavyosimama, akaangalia chini.

"Baba, limeonekana moja tu. Na halikui. Wamesema niache kudunga."

Mimi na mdomo wangu nikasema, "Moja si inatosha? Wanjala kwani alitoka kwa mangapi?"

Hakucheka. Akaniambia daktari amesema mayai yake yamekwisha mapema, kama ya mama mzee. Akasema wanaweza kujaribu tena na dawa kali zaidi, lakini asiweke moyo sana huko. Na dawa kali inataka mtamba mwingine, na mimi sina hata kamba ya kumfungia. Wanjala akapigiwa simu. Akasema "sawa," halafu tukasikia lori tu. Na wazee wetu huko wamekwisha kumwambia kuna msichana wa kuoa huko Cheptais. Hajawakatalia. Hajakubali pia. Sijui, Nafula. Nimemlea kijana huyo na sijui atafanya nini.

Jioni hiyo, saa ile ile yetu, mbao ikagongwa.

"Baba, uko?"

"Niko."

"Nisomee."

"Nisome nini mama, na dawa imekatazwa?"

"Soma tu."

Nikavaa miwani nikasoma karatasi yote, kutoka kunawa mikono. Nikahesabu mpaka kumi. Safari hii sikuruka kitu. Nilipomaliza akaanza kulia, na mbao hiyo haizuii hata kikohozi. Ningekuwa baba yake wa kumzaa ningeingia. Nilikaa kitini, mgongo kwa mbao, nikagonga mbao mara moja ajue niko, kwa sababu kingine cha kufanya sikukiona. Mpaka leo sikioni.

Nisalimie bwana yako, mwambie bado ni mbaya wa sura na nampenda hivyo hivyo. Nisalimie mjane wa marehemu kaka yetu, na katekista, na kuku wote wasio na hatia. Wazee wa ukoo usinisalimie. Nitawasalimu mwenyewe nikija.

Sasa deni. Unakumbuka ulivyoruka dirishani ukaenda dansi Bumula, ukarudi na huyo bwana uliye naye? Baba aliuliza nani aliacha dirisha wazi, nikasema ni mimi, nikalala njaa na fimbo juu. Hujawahi kunilipa, na mimi sijadai, maana nilijua iko siku. Siku imefika, na deni ni dogo.

Nekesa anakuja kwako Jumamosi apumzike kidogo. Jumapili mtaenda kanisani pamoja. Wewe ni mkubwa wa akina mama, na nasikia kila wiki unasimama mbele kuwaombea wasiozaa na kuwataja majina, na lake ni la kwanza. Najua unafanya kwa upendo. Yeye pia anajua, alishaambiwa, ndiyo sababu aliogopa kuja. Jumapili hii omba mvua. Omba serikali. Omba chochote unachotaka, hata sauti ipande mpaka Mlima Elgon. Jina lake tu, dada yangu, liruke.

Kaka yako,
Barasa