Tairi Kuukuu Mbele

Jumatatu, 4 Mei
Zahanati tena. Kilomita tisa kwenda, tisa kurudi, Mama kwenye keria ya baiskeli, mguu umefungwa khanga. Nesi anasema nyama nyekundu imeanza kuota. Sukari ikitulia, na kidonda kikisafishwa kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa bila kuruka, mguu utapona. Bodaboda Mama hapandi. Anasema ana haraka ya kupona, si ya kufa.
Tairi la nyuma limekuwa kipara. Nyuzi zinaonekana.

Jumatano, 6 Mei
Limevimba ubavuni kama shavu lenye jino bovu. Fundi Masudi wa Isevya kalitazama, akasonya. Kaweka kipande cha tairi ndani, kashona kwa uzi wa nailoni. Anasema wiki halimalizi, nifunge jipya.
Jipya ninalo. Linaning'inia kwenye kenchi ya paa tangu Machi. Lakini ni la porini. Mwezi ujao tunakwenda kurina asali, na miiba ya kule haina huruma. Mwaka jana tairi liliniishia njiani, wenzangu wakaniacha, nikakuta mizinga yangu mitupu. Sirudii ujinga ule.

Ijumaa, 8 Mei
Tumefika, tumerudi. Njia nzima nasikiliza tairi. Mama anasimulia habari za shangazi, mimi naitikia ovyo. Kanipiga kibao mgongoni, ati nimekuwa kiziwi.
Jioni nimepata akili. Nimehamisha tairi. La nyuma mbele, la mbele nyuma. Mama ndiye mzito, na Mama anakaa nyuma. Nikampitia Masudi kumwonyesha. Hakufurahi. "La nyuma likipasuka unakaa, la mbele likipasuka unalala." Nikamwambia anatafuta kazi tu. Nilijiona mjanja kweli.

Jumatatu, 11 Mei
Limepasuka.
Kwenye mteremko wa korongo. Usukani ukanitoka, nikaruka huku, Mama kule. Nilipoinuka nikamwona amekaa mchangani anatafuta kandambili yake. Bandeji imechomoka. Kidonda kimejaa mchanga na damu. Yeye hakulia. Niliyelia ni mimi, mtu mzima, katikati ya barabara.
Lori la mchanga likatubeba. Nesi akauliza kumetokea nini. Mama akawahi kujibu: kajikwaa kisimani.
Sikumsahihisha.

Jumatano, 13 Mei
Homa. Mguu umevimba hadi gotini. Wametuhamishia hospitali mjini, safari hii kwa gari.
Niliporudi kuchukua nguo zake nikafunga tairi jipya. Dakika kumi. Kazi ya dakika kumi! Nikaipiga baiskeli teke ikaanguka, nikaiacha hapo hapo.

Alhamisi, 14 Mei
Daktari kasema kidonda kilikuwa kinapona vizuri. Kilikuwa. Akamuuliza Mama tena kuhusu kuanguka, naye Mama akatoa kisima kile kile. Sasa ameongeza na ndoo, na jiwe lenye utelezi. Mama yangu, aliyetuchapa wote kwa uongo.

Ijumaa, 15 Mei
Kunanuka. Najifanya sisikii harufu, naye anajifanya haoni ninavyojifanya.
Mungu, chukua mizinga. Yote. Chukua msimu mzima. Niachie mguu huu mmoja.

Jumamosi, 16 Mei
Wamekata. Chini ya goti.
Alitia dole gumba mwenyewe kwenye fomu. Mimi mkono ulikataa kushika kalamu.

Jumapili, 17 Mei
Hakuna la kuandika. Amekunywa uji vijiko vitatu.

Jumanne, 19 Mei
Dada Mwajuma kafika kutoka Puge. Kaleta karanga na shuka safi. Alilia kidogo, akanawa uso, akaanza kumsuka Mama nywele. Wodi ilikuwa tulivu. Habari ya kisima alikwisha kuisikia, akamgombeza Mama kwa kuchota maji na mguu mbovu wakati mtoto wa kiume yupo.
Kisha akanigeukia. Akasema kila mtu kule Puge anajua nilivyomhangaikia Mama, hadi tairi za baiskeli zimechoka. "Mungu akulipe, mdogo wangu."
Mama alikuwa macho. Alinitazama, akafumba.
Nikaitikia amina.