Namba ya Marehemu Chini ya Kisahani

Shangazi wa ukurasa huu, shikamoo. Naomba unishike mkono kwa jambo ambalo wengine wataliona la kitoto, maana linahusu visahani vya plastiki vya kurusha, ila mimi linaninyima raha na sina wa kumweleza.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka arobaini na saba, na zamani mimi na kaka yangu tulikuwa tunacheza gofu ya visahani kila Jumapili kwenye uwanja ulio nyuma ya chuo cha ufundi, mchezo wenyewe ni kurusha kisahani kutoka mbali mpaka kiingie kwenye kikapu cha minyororo, na anayetumia mirusho michache ndiye mshindi. Kaka alikuwa mwashi, mkono wake ulikuwa na nguvu mpaka tukamwita Winchi, na chini ya kila kisahani aliandika kwa kalamu nene jina hilo na namba yake ya simu, kama wachezaji wote wanavyofanya, ili kikipotea atakayekiokota apige. Baadaye akaugua figo. Mwaka wake wa mwisho alikuwa ananiambia, "Mdogo wangu, twende hata mirusho mitatu tu, mimi nitakaa kwenye kiti nikuangalie," nami namjibu Jumapili ijayo kaka, nina sare za shule za kumaliza, Jumapili ijayo, mpaka Jumapili zikamwishia. Tulipomzika sikugusa kisahani tena kwa miaka sita.

Mwaka huu bega langu limekakamaa kwa kuinamia cherehani, muuguzi akaniambia nitoke nje nijinyooshe, ndipo shemeji yangu, mke wa marehemu, akanitolea mkoba wa Winchi kutoka juu ya kabati, akahesabu visahani kumi na moja bila hata kuviangalia rangi, akasema, "Shemeji, kaa navyo, ila visipotee." Muuza duka la michezo alinishauri ninunue vyepesi vya kuanzia, lakini Shangazi niliona haya, nikabeba vya kaka, vile vizito vya kwenda kasi, nikajiambia nikivirusha nitakuwa nimemtimizia zile Jumapili. Kile cha njano alichokipenda kuliko vyote kiliinuka kidogo tu, kikakata kushoto, kikatumbukia kwenye matete ng'ambo ya mfereji, nikakitafuta saa tatu nzima mpaka miguu ikachanika, nikarudi nyumbani bila kisahani na sikumwambia mtu.

Kumbe shemeji laini ile ya simu hajaizima miaka yote. Siku ya nne ikaita, fundi wa maabara wa chuoni akauliza, "Samahani, naongea na Winchi? Nimeokota kisahani chako." Shemeji akakifuata mwenyewe, akaja nacho kibandani kwangu kimefungwa kwenye kitambaa cheupe, machozi yanamtoka na huku anacheka, akasema, "Shemeji, tazama! Miaka yote hii kimelala majanini, leo kimerudi nyumbani. Ni kile alichokipoteza enzi zile, sivyo?" Nami, Mungu anisamehe, nikajibu, "Ndiyo, shemeji."

Sasa amekitundika sebuleni pembeni ya picha ya kaka, kila anayeingia anaambiwa mume wake amemsalimia, na kusema kweli hajawahi kuwa na uso mwepesi namna ile tangu msiba. Lakini ameniomba nirudishe mkoba vikae pamoja, nao sasa una kumi tu, na mwisho wa mwezi amemwalika yule fundi wa maabara chai ili amshukuru, na mimi niwepo. Naomba unijibu, nianze tena na visahani vya namna gani, vya kaka au vyepesi? Na huu uongo, kama unamfariji, si bora niuache hivyo hivyo?

Fundi Sindano, mwenye bega bovu


JIBU

Fundi Sindano, marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili ilinibidi nivue miwani. Pole kwa kaka yako, na pole kwa Jumapili zile. Lakini sikuandikii ili nikupigepige mgongo.

Umetanguliza swali la visahani kwa sababu ndilo jepesi. Haya, hilo tulimalize. Mimi sijawahi kurusha hata kifuniko cha sufuria, kwa hiyo nimemuuliza jirani yangu, mwalimu wa michezo. Alicheka kwanza. Anasema kisahani cha kasi kinataka mkono wa kasi, na asiye nao kitamkatia kushoto kila siku. Nunua viwili tu, vyepesi, vya mwendo wa polepole: kimoja cha masafa ya kati na kimoja cha kuingizia kikapuni. Bega likizoea ndipo uongeze. Mkono wa Winchi ulikuwa wa Winchi, na yeye hakukuomba uurithi. Alikuomba mkae wote uwanjani.

Sasa tuje kwenye lililokutoa jasho. Unaniambia uongo unamfariji shemeji yako. Baba, anayefarijika hapo ni wewe, kwa sababu hujaulizwa. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imebakiza mwisho wa mwezi tu. Yule mgeni akisema, kikombe mkononi, kwamba kisahani alikikuta kisafi hakina hata tope, mama wa watu atafiwa mara ya pili, tena mbele ya mgeni. Ukimwacha afike hapo, mimi na wewe tumekosana.

Kesho, kabla hujafungua kibanda, beba mkoba wenye visahani kumi uende kwake. Mwambie umekirusha, ukakipoteza, ukamdanganya. Mwambie na zile Jumapili. Unadhani hazijui? Bila shaka alikuwa chumba cha pili, akisikia mume wake anaomba na wewe unaahirisha. Amekusubiri miaka sita useme. Akilia, kaa. Akikufukuza, ondoka, kisha urudi keshokutwa. Kile cha ukutani usikiguse, ni chake kukishusha au kukiacha.

Na usisahau kumwambia hili, maana ni kweli tupu: simu iliita, na mtu asiyemfahamu akamuulizia Winchi kana kwamba yuko nje tu, anarudi sasa hivi. Hapo hukudanganya. Salamu ile ilimfika, hata kama aliyeiangusha majanini ni wewe. Mkishasameheana, mwombe mwende uwanjani Jumapili moja, mbebee kiti, naye akuangalie mirusho mitatu.

Vile kumi mwachie. Vyako viwili vikishanunuliwa, chukua kalamu nene uandike chini jina lako na namba yako. Utavipoteza, jirani yangu anasema kila anayerudi mchezoni hupoteza. Lakini safari hii simu ikiita, iite mfukoni mwako.