Ngamia, Tausi na Mikarafuu ya Dada Raya

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefungua duka. Nimefagia. Nimemwaga maji mlangoni vumbi litulie. Kisha, kabla ya chai, soko la hisa. Wengine wakiamka hutazama mawingu, mie natazama Ngamia kaamkaje huko kwenye masoko ya wakubwa.

Kapanda. Nimefurahi utadhani mali yangu. Sina hata hisa moja, na wala sijui hisa hununuliwa dirisha gani. Lakini kompyuta za Ngamia, zile zenye ngamia wa fedha juu ya kifuniko, nilizibeba mabegani miaka mitatu Maskati, kutoka ghala mpaka dukani. Mtu akibeba kitu miaka mitatu, kinakuwa chake kidogo.

Barazani kwenye kahawa Salum kaanza tena. Duka lake linatazamana na langu, anauza Tausi, yaani zile kompyuta za bei ya chini zenye manyoya ya tausi pembeni. Kadai Tausi ndiyo kampuni kubwa sasa, Ngamia ni mbwembwe tu. Sikubishana. Nimetoa simu. Nimewaonesha wote, mmoja mmoja, hata muuza kahawa ambaye hajui kusoma. Hisa moja ya Ngamia ni bei ya hisa nne za Tausi. Nne! Nikasema: haya, nani mkubwa?

Salum kanywa kahawa yake kwa haraka mpaka kaungua ulimi.

Siku nzuri. Nimetengeneza simu ya Bi Asha mjane, sikuchukua kitu. Nikiwa nimeshinda huwa mkarimu. Nikishindwa pia, lakini kwa kununa.

Jumanne, 5 Agosti

Dada Raya kaja kutoka Wawi. Kaja kwa miguu, na jua lile. Nilijua kuna jambo.

Anauza mikarafuu yake. Yote, ile ya urithi wa mama. Mzee Kombo jirani yake anaitaka siku nyingi. Anataka kufungua duka la kupiga chapa na kuchapisha, hapo karibu na uwanja wa Gombani, maana siku hizi kila kitu kinaombwa kwa mtandao: kazi, mkopo, chuo, hata cheti cha kuzaliwa, na watu wa Wawi wanakuja mjini kupanga foleni. Kashona nguo za watu miaka yote. Macho yamechoka. Kwenye kompyuta, anasema, maandishi unayakuza unavyotaka.

Swali lake moja tu. Anunue Ngamia tatu mpya, au kwa pesa hizohizo Tausi sita?

Nimemwambia Ngamia. Nimemwambia bila kupumua. Nikamfungulia simu, nikamwonesha hisa. Dada, kampuni yenyewe ina thamani mara nne, unafikiri watu wa dunia nzima ni wajinga? Mtu hanunui jahazi bovu kwa sababu wamempa mawili.

Kanitazama. Kasema, "Weye ndiye uliyetembea, mdogo wangu. Mie nimefika Unguja tu, tena kwa harusi."

Kanifunga na sentensi hiyo. Nimemnunulia soda. Alipoondoka nimetazama hisa tena, mara mbili.

Jumatano, 6 Agosti

Kaja mwalimu mmoja na Ngamia yake, kitufe cha herufi kimoja kimekufa. Kimoja tu. Nimemwambia nitaagiza Dar, akae wiki tatu, pengine nne. Hawa Ngamia wamegandisha kila kitu kwa gundi, ukitaka kubadili kitufe unabadili nusu ya mashine. Mwalimu kasikitika. Kaondoka nayo vilevile, anaandika majina ya watoto bila herufi "k".

Sikufikiria chochote. Naandika tu.

Alhamisi, 7 Agosti

Salum kanishika mlangoni asubuhi, kabla sijafungua kufuli. Kacheka kwanza, ndipo akasema.

"Bwana Maskati, simu yako ina kioo cha mbele tu? Teremka chini ya ile bei ya hisa. Soma mstari wa thamani ya soko. Soma kwa sauti, na mie nisikie."

Nimemwambia ana wivu. Nimemwambia mengine pia, siyaandiki hapa.

Nikaingia ndani, nikateremsha. Thamani ya soko ya kampuni nzima. Tausi iko juu ya Ngamia. Si kidogo. Karibu mara mbili.

Nikazima simu. Nikaiwasha. Bado. Nikanunua bando jipya, nikidhani mtandao unanidanganya kwa kuwa bando lilikuwa linaelekea mwisho. Bado. Nimeangalia kwenye kompyuta ya dukani. Bado.

Hisa ghali mara nne, kampuni ndogo. Inawezekanaje? Nimekaa nimesimama nimekaa. Nimefungua simu ya mteja nikasahau skrubu nimeziweka wapi. Nimempa na chenji nyingi kupita kiasi, karudi mwenyewe kunirudishia. Watu wa Chake Chake waaminifu. Mie leo sijui nina nini.

Ijumaa, 8 Agosti

Baada ya sala nimekwenda Wawi. Raya kaniomba niwepo wakati Mzee Kombo anakagua miti, mwanamume wa nyumbani asimame. Nimesimama basi. Nimevaa kanzu nzuri.

Kukagua mikarafuu ni shughuli. Mnapita mti kwa mti. Mnautazama shina, matawi, umezaaje msimu uliopita. Kila mti bei yake. Mzee Kombo ni mkali, anajua kuguna mbele ya mti mzima akaufanya uonekane mgonjwa. Kagunaguna mpaka miti yote ikawa kama imelazwa hospitali. Mwisho akasema bei ni kubwa. Kule juu kwa Bi Mkasi mkarafuu mmoja unashinda minne ya hapa, na yule Bi Mkasi hajamwomba bei kama hiyo.

Raya kamjibu papo hapo, mikono kiunoni. "Mzee Kombo, usinilinganishie. Bi Mkasi ana miwili. Mie ninayo kumi na minane. Nenda kanunue ile miwili, halafu urudi uniambie nani ana shamba."

Watu wakacheka. Mzee Kombo mwenyewe kacheka.

Mie sikucheka. Nimeshikilia tawi. Ndiyo hiyo. Ndiyo hiyo yote. Hisa ni mti. Ngamia ana miti ghali, michache. Tausi ana miti ya bei rahisi, imejaa bonde zima. Mie nimekuwa nikitazama bei ya mti mmoja nikisema shamba, kwa sauti, barazani, mbele ya muuza kahawa. Mjukuu wa wakulima wa karafuu! Mtoto wa darasa la tatu hapa Wawi hakosei hilo kwa miti. Nimelikosea mie kwa sababu lilikuwa la Kizungu na lilikuwa kwenye kioo.

Wamekubaliana. Jumatatu kwa sheha, mkuu wa mtaa, wanaandikishana, pesa taslimu. Jioni ileile pesa inapelekwa kwa mwenye duka Unguja anayeleta Ngamia.

Nimetabasamu mpaka mashavu yanauma.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimefanya hesabu tena, bila simu, kwa kalamu. Hata nikisahihisha nani mkubwa, haisaidii kitu. Tausi ni kubwa, sawa, na kwa Raya ni nini? Hakuna bwana mkubwa wa Tausi atakayekuja Gombani kumbadilishia betri. Bei ya hisa ni ya wanaonunua hisa. Raya hanunui hisa. Ananunua mashine ya kuishi nayo hapa, kwenye umeme huu, kwenye chumvi hii ya hewani, na fundi huyu. Fundi ni mie.

Na fundi anajua. Tausi ikifa nafungua kwa bisibisi moja. Vipuri nimejaza kwenye kopo la maziwa. Ngamia ikifa, natoa pole. Mikono yangu inajua jambo hili tangu zamani. Mdomo ndio uliokwenda Maskati.

Na tena: kwa nini auze miti yote? Hakuna mtu anayeanza kupiga chapa na mashine sita. Hata tatu. Hili sikumwambia kwa sababu alipouliza tatu au sita, mie nilikuwa nashughulika kumwonesha dunia.

Jioni nimekwenda kwake nimwambie. Kapika muhogo wa nazi na samaki changu. Watoto wake wanagombana nani atakaa kwenye kompyuta ya mwanzo. Mdogo kasema yeye atakuwa meneja. Nimetoa vichekesho. Nimewachekesha mpaka mmoja kakwamwa na mwiba. Nikarudi nyumbani.

Mwoga. Hakuna neno jingine.

Jumapili, 10 Agosti

Sikufungua duka. Nimezunguka. Chake mpaka Gombani, Gombani mpaka Chake. Kila niliyekutana naye kanisalimia "Maskati!" na kila mara nilitaka kumwambia jina langu ni Shaame.

Kesho.

Jumatatu, 11 Agosti

Kwa sheha. Meza, viti vya plastiki, feni haizunguki. Mzee Kombo na mwanawe, pesa kwenye mfuko wa kaki. Raya kavaa buibui jipya. Sheha kashika kalamu, anauliza jina kamili la muuzaji.

Nimesema, "Sheha, subiri."

Nikayasema yote. Hisa, mti, shamba, gundi, vipuri, na kwamba hapana haja ya kuuza miti yote. Nilianza vizuri, baadaye maneno yakapigana kwenye mlango wa mdomo. Mzee Kombo kasimama. "Kijana, ndani ya kikao cha watu? Ijumaa ulikuwepo, ulikuwa umekula nini?" Kweli, nilikuwepo. Nimemwambia makosa ni yangu na anitukane mie, asimtukane dada. Kanitukana. Mzee yule ana msamiati.

Sheha kaweka kalamu. Kila mtu anamtazama Raya.

Nilitarajia apige kelele. Hakupiga. Kanitazama kama anavyotazama nguo iliyokatwa vibaya, kuona kipi kinaokoka.

"Shaame. Mie sikukuuliza kampuni. Nilikuuliza kompyuta."

Hilo limeingia mpaka ndani. Bado limo.

Kisha kamgeukia Mzee Kombo, kwa adabu zote. Miti hauzi. Anamkodisha mavuno ya msimu huu, miti minane, ile ya upande wa kwake, achume mwenyewe, msimu ukiisha miti inarudi. Kodi ailipe leo, mbele ya sheha. Mzee Kombo kaguna. Kaguna tena. Kakaa. Wameongea bei nusu saa, na mie nimetumwa kuleta maji ya kunywa, mie mtu wa Maskati. Nimeleta. Yalikuwa baridi.

Wamekubaliana. Sheha kaandika ukodishaji badala ya uuzaji. Mzee Kombo hakunipa mkono.

Jumanne, 12 Agosti

Nimempeleka Raya dukani kwa Salum. Hakuna pengine penye Tausi zilizotumika, nzima, zenye bei ya watu.

Nimevuka barabara ile kama mtu anayekwenda kuposa kwa adui. Salum kaniona, kafungua mikono.

"Karibu, Bwana Ngamia! Leo hatamu imekatika?"

"Imekatika. Tuoneshe mbili, na usiniletee zenye betri iliyovimba, naijua ile moja uliyoificha chini ya kaunta."

Kacheka mpaka kakohoa. Kaleta mbili nyingine. Nimezifungua zote mbili hapohapo mezani kwake, mbele ya wateja wake, nikakagua ndani. Moja safi. Nyingine feni imejaa vumbi, nikaisafisha. Raya kaomba bei ipunguzwe kwa sababu ya vumbi. Salum akasema vumbi limeshatoka. Raya akasema lilikuwemo wakati anataja bei. Salum kapunguza.

Mbele ya kila mtu nimemwambia Salum, ulisema kweli, Tausi ndiyo kampuni kubwa. Kajibu kwamba jana imeshuka na Ngamia imepanda. Hakuna aliyetoa simu.

Pesa iliyobaki Raya kanunua printa na mafuta ya kupikia.

Ijumaa, 15 Agosti

Siku mbili nimekuwa kwake nikipanga mashine. Chumba cha mbele, si Gombani bado. Gombani atahamia akishapata wateja.

Kaniuliza ukurasa mmoja atoze ngapi. Nimefungua mdomo kumweleza wanavyotoza Maskati. Nikaufunga. Nikamuuliza majirani zake wanaweza ngapi. Katafakari, kataja. Nikaandika kwa kalamu ya wino mnene, tukabandika mlangoni.

Bado kakasirika kidogo. Naona kwa anavyoniwekea chai, bila kuniuliza sukari. Inafaa.

Miti kumi iliyobaki wanaichuma wenyewe. Baada ya isha tumekaa wote sebuleni, karafuu mbichi zimemwagwa kwenye jamvi, kila mtu anachambua, karafuu huku, makonyo, yaani vijiti vyake, kule. Raya kaweka Tausi moja pembeni ya jamvi, anajifunza kuandika kwa kidole kimoja, halafu anarudi kwenye karafuu, halafu kidole tena. Kaandika jina la mama. Hakusema, nimeliona tu.

Mdogo kaniambia nachambua ovyo, naacha makonyo kwenye rundo la karafuu. Nimeangalia. Kweli. Nimelirudia rundo langu tangu mwanzo.