Mzee Ameota Tumba

Jumamosi, 6 Septemba 2025
Mzee ana tumba! Moja, jekundu, karibu na utosi. Miaka kumi na moja nambembeleza kaktasi huyu wa milima ya Amerika Kusini, mrefu, manyoya meupe mwili mzima — ndiyo maana nikamwita Mzee — na hajawahi kutoa ua hata siku moja. Nimepiga kelele, Misheck akatoka bafuni na povu kichwani. Waume!

Alhamisi, 11 Septemba
Tumba ni kidole gumba sasa. Mama mkwe amefika kwa matatu kutoka kijijini Kianjai hadi hapa mtaani kwetu Dallas, na ndizi za kulisha mtaa mzima. Hajui kukaa bure. Sufuria zote zinang'aa. Nampenda. Nimechoka.

Ijumaa, 12 Septemba
Nimerudi kutoka ofisini — Mzee ana upara! Mama alidhani ni wale wadudu weupe wa kahawa. Brashi ya viatu, sabuni ya kipande, maji ya majivu. Kasugua kuanzia asubuhi.
“Mti yako ilikuwa inaliwa, Kathambi, na wewe unaangalia tu!”
Vidole vyake vimejaa miiba. Tumba limebaki, limeinama. Nikasema asante, mama. Mama mkwe hagombezwi. Nikafungua bomba la bafuni, nikalia.

Jumamosi, 13 Septemba
Jua kali. Mzee anageuka njano. Yale manyoya ndiyo yaliyomkinga. Akiungua, tumba litaanguka. Nimemwambia Misheck aseme na mamake. Ghafla anatafuta chaja.

Jumapili, 14 Septemba
Misheck amesema naye, tukitoka kanisani. Mama hakugusa chakula. Nikajuta kabisa.
Baadaye nikamkuta nje. Amevua kitambaa chake cha kichwa, kile kizuri, amemfunika Mzee.
“Ako na miaka ngapi?”
“Kumi na moja, mama.”
“Na mimi nikamnyoa kama mtoto.”
Tukacheka mpaka tukashikana. Nimefurahi leo.

Jumamosi, 20 Septemba
Mama anarudi Kianjai leo. Begi liko mlangoni tangu alfajiri. Yeye yuko kwenye kigoda, kichwa wazi, anasogeza kitambaa kulifuata jua. Kabla ya wiki hii sikuwahi kuona nywele zake. Nyeupe pe!
Tumba limenyooka. Ncha imefunguka — kidogo sana, lakini imefunguka.
Nyamu, shemeji yangu, anapiga honi getini. Nimemwambia mama gari limefika.
“Mwambie azime injini.”